Sumukuvu: Elimu Iliyochelewa Kufika Katumba

Mwaka 1973 familia za kwanza za wakimbizi wa Burundi zililetwa Katumba, jirani na mji wa Mpanda, zikakuta pori la miombo na mbung'o. Zilikuwa zimenusurika mauaji ya mwaka 1972, pale serikali ya Michel Micombero ilipowaandama Wahutu, kuanzia walimu na wanafunzi hadi wakulima wa vijijini. Serikali ya Tanzania ilitoa ardhi, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi likatoa fedha, na shirika la Kilutheri la TCRS likasimamia barabara, visima, shule na zahanati. Misimu ya mwanzo watu waliishi kwa mgao wa chakula. Halafu mgao ukakatwa, kwa sababu pori lilikuwa limegeuka mashamba ya mahindi, maharage, muhogo na karanga, na baadaye tumbaku.

Mwaka huohuo wa 1973, katika jarida moja la Uingereza la utafiti wa saratani, watafiti wawili, Peers na Linsell, walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya Murang'a, Kenya. Walikuwa wamepita katika kaya za wilaya hiyo, kutoka miteremko ya juu yenye baridi hadi chini kwenye joto, wakachukua sehemu ya chakula kilichokuwa tayari kuliwa na pombe iliyokuwa tayari kunywewa, wakavipeleka maabara. Walikuwa wakitafuta sumu inayotengenezwa na kuvu. Kadiri walivyoshuka kutoka juu kwenda chini, sumu iliongezeka katika chakula, na wagonjwa wa saratani ya ini waliongezeka vilevile.

Kwa hiyo siku zilezile ambazo mkimbizi wa Katumba alikuwa anang'oa visiki ili apande mahindi yake ya kwanza, wataalamu walikwishajua kwamba chakula cha Mwafrika Mashariki kinaweza kumuua polepole kikiwa kwenye sahani, kikinukia vizuri na kimeiva. Habari hiyo haikumfikia. Ilichukua zaidi ya miaka 40 kulikaribia ghala lake, na ucheleweshaji huo hautokani na uvivu wa mkulima. Unatokana na maamuzi ya muda mrefu kuhusu nani apimiwe chakula na nani asipimiwe.

Tuanzie mwaka 1960, Uingereza. Bata mzinga walianza kufa mashambani. Katika miezi michache walikufa zaidi ya 100,000, na kwa kuwa hakuna aliyejua chanzo, ugonjwa ukapewa herufi tu: X. Madaktari wa mifugo walitafuta vijidudu vya maradhi hawakuviona. Walichoona kila walipopasua ndege ni ini lililoharibika. Mwishowe wakafuata chakula, wakafika kwenye mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil. Haukupita muda ikabainika kwamba Brazil haikuwa peke yake. Mwaka 1961 wanasayansi wa Uingereza walikuwa na sampuli ya karanga kutoka Uganda zenye sumu kali, na kutoka kwenye karanga hizo wakaotesha kuvu yenyewe iliyokuwa ikitengeneza sumu. Ilikuwa Aspergillus flavus, kuvu ya rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano, inayoishi kwenye udongo na mabaki ya mazao karibu kila mahali penye joto. Sumu yake ikaitwa aflatoksini. Chini ya mwanga wa urujuanimno, baadhi ya aina zake ziling'aa bluu na nyingine kijani, zikapewa majina ya B na G, na ile ya B1 ikaonekana kuwa kali kupita zote. Mwaka 1987 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliziweka aflatoksini katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, kundi moja na moshi wa sigara.

Msomaji azikumbuke karanga hizo za Uganda. Ushahidi ulitoka kwetu. Na haukuishia hapo: kati ya mwaka 1966 na 1967 watafiti walikusanya sampuli 480 za vyakula kutoka sehemu mbalimbali za Uganda, na karibu tatu katika kila kumi zilikuwa na aflatoksini. Karamoja, ambako saratani ya ini ilikuwa nyingi, ndiko uchafuzi ulikokuwa mkubwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1971. Miaka miwili baadaye ikaja Murang'a. Kwa maneno mengine, kati ya mwaka 1961 na 1973 Afrika Mashariki ilikuwa imeipa dunia sehemu kubwa ya elimu juu ya sumu hii.

Je, elimu hiyo ilitumika wapi kwanza? Kwenye chakula cha kuku na ng'ombe wa Ulaya, kisha kwenye bandari za Ulaya. Nchi tajiri ziliweka viwango vya sumu kwa karanga na nafaka zinazoingia kwao, na Umoja wa Ulaya ukavikaza zaidi mwaka 1998. Wachumi wa Benki ya Dunia walikadiria mwaka 2001 kwamba viwango hivyo vipya vingeipunguzia Afrika mauzo ya dola za Marekani milioni 670 kwa mwaka. Karanga nzuri zikachaguliwa kwa ajili ya meli. Zilizosinyaa, zilizovunjika na zenye madoa zikabaki nyumbani, zikatwangwa kuwa unga wa mboga na wa uji wa mtoto. Hakuna aliyepanga kumdhuru mtoto huyo, lakini hivyo ndivyo soko lilivyofanya kazi, na ni haki kulisema wazi.

Turudi Katumba, maana huko nako historia ilikuwa ikitengenezwa, ingawa si maabara.

Mvua za Katavi ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili. Mahindi hupandwa mvua zikianza, huchanua katikati ya msimu, kisha huachwa shambani yakauke hadi kiangazi kiingie. Ukiyaangalia yakiwa bado kwenye bua, maganda ya juu yamegeuka kama karatasi, unaweza kudhani yamekauka kabisa. Lakini bua likilala, maji ya mvua hushuka hadi kwenye gunzi. Funza naye huingia kwa ncha ya hindi, anatafuna punje za mwanzo, na kila alipopita anaacha mlango. Kuvu huingia kwa milango hiyo, na huingia pia mapema zaidi, wakati ndevu za hindi zikiwa mbichi, hasa mvua ikikatika ghafla na jua likawa kali huku punje zinajaa. Kwa karanga ni hivyo hivyo: ukame wa mwishoni hupasua maganda yangali ardhini, na kuvu imo humohumo kwenye udongo. Ndiyo maana mtu anaweza kuvuna shamba linalopendeza na bado akabeba sumu nyumbani. Haina harufu, haina ladha, na haiishi kwa kuchemsha. Ugali ulioiva vizuri unabaki nayo.

Kuvu si adui daima, na watu wa Katumba walilijua hilo kabla ya mtaalamu yeyote. Burundi wana desturi ya zamani ya kumenya muhogo mchungu, kuulundika, kuufunika na kuuacha siku kadhaa hadi uote kuvu. Halafu kuvu inakwanguliwa, muhogo unaanikwa na kusagwa. Kanda ya Ziwa wanafanya karibu vivyo hivyo na kuuita udaga. Katikati ya miaka ya 1990 mtafiti Mholanzi, Essers, aliichunguza njia hiyo nchini Uganda, akakuta kwamba kuvu za jamii ya Rhizopus na Neurospora hulainisha mzizi na kuacha sianidi ipotee kwa kiwango kikubwa. Mama aliyelundika muhogo wake alikuwa anatoa sumu kwa kutumia kuvu. Mtu wa namna hiyo hahitaji kuhubiriwa kwamba kuvu ipo. Anahitaji kuambiwa ni kuvu gani ya kuogopa, katika zao gani, na wakati gani.

Badala yake, kilichoifikia kwanza Magharibi mwa Tanzania kilikuwa mdudu. Mwaka 1981 wataalamu walithibitisha kwamba mkoani Tabora kulikuwa na mdudu mpya wa ghalani ambaye hakuwahi kuonekana Afrika, mwenyeji wa Mexico na Amerika ya Kati. Wakulima walikuwa wamekwisha kumwona misimu kadhaa kabla ya hapo. Walimwita Scania, kama malori makubwa ya wakati ule, na jina la dumuzi likaenea nchi nzima. Wengi wanaamini aliingia ndani ya shehena za mahindi ya msaada zilizoletwa katika miaka ya 1970. Kutoka Tabora hadi Mpanda ni njia moja ya reli, tawi lililofika Mpanda mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya machimbo ya risasi, na magunia husafiri na wadudu wake.

Dumuzi alivunja utaratibu mzima wa kuhifadhi mahindi. Zamani watu waliyaweka yakiwa na maganda yake, kwenye kihenge, kwenye dari juu ya moshi wa jiko, au yakining'inia kwenye mti. Ganda lilikuwa kinga dhidi ya wadudu waliozoeleka. Dumuzi alipenya ganda, akatoboa punje na gunzi pamoja, na chini ya kihenge ukakuta unga. Vipimo vilivyofanyika Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 vilionyesha kaya nyingine zikipoteza karibu theluthi ya uzito wa mahindi yao katika miezi michache. Serikali na wafadhili wakaanzisha kampeni: pukuchua mahindi mapema, changanya punje na dawa ya unga, weka kwenye gunia. Baadaye akaletwa mdudu mwingine kutoka Amerika ya Kati anayemla dumuzi.

Kampeni ile iliokoa chakula cha watu wengi, na walioiendesha wanastahili heshima. Lakini ilibadilisha jambo moja ambalo halikuzungumzwa vya kutosha. Mahindi yaliyokuwa yakiendelea kukauka polepole juu ya moshi sasa yaliingia kwenye gunia la plastiki siku yalipopukuchuliwa, yakiwa makavu au yakiwa bado na unyevu. Mkulima alifundishwa kumwogopa dumuzi. Hakufundishwa kuogopa unyevu, kwa sababu aliyemfundisha alikuwa amekuja na dawa ya wadudu, na kuvu ilikuwa kazi ya idara nyingine.

Halafu Katumba ikaingia katika miaka ya kutojua kesho. Mwaka 2007 serikali za Tanzania na Burundi, pamoja na Umoja wa Mataifa, zilianza mpango wa kuyafunga makazi matatu ya wakimbizi wa mwaka 1972, yaani Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Waliotaka kurudi Burundi wangerudi, nao walikuwa zaidi ya 50,000. Waliotaka kubaki wangepewa uraia. Watu wapatao 162,000 walikubaliwa kuwa Watanzania mwaka 2010, lakini kwa sharti la kuhama na kutawanywa katika mikoa mingine. Vyeti vyao vilianza kutolewa mwaka 2014 tu, baada ya wazo la kuwahamisha kuachwa. Kwa miaka hiyo yote mtu alilima bila kujua kama atavuna mwaka ujao mahali palepale. Mimi naona hilo ni sehemu ya historia ya sumukuvu, hata kama halimo katika vitabu vya kilimo. Mtu aliyeambiwa atahama hajengi ghala la tofali lenye sakafu ya saruji wala uwanja wa kuanikia. Anaweka magunia ndani, chini, kando ya kitanda, ambako atayaona akiamka.

Wakati huohuo utafiti ulianza, hatimaye, kugeukia sahani ya Mtanzania. Martin Kimanya, mtaalamu wa usalama wa chakula aliyekuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa na baadaye akahamia Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, alikusanya na wenzake sampuli 120 za mahindi yaliyohifadhiwa majumbani katika mikoa ya Tabora, Iringa, Ruvuma na Kilimanjaro. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Aflatoksini ilikuwa katika asilimia 18 ya sampuli. Na zaidi ya nusu zilikuwa na sumu nyingine, fumonisini, inayotengenezwa na kuvu ya Fusarium na iliyogunduliwa Afrika Kusini mwaka 1988. Mahindi mengine yalikuwa na zote mbili kwa pamoja.

Kilichonigusa zaidi ni kazi yake iliyofuata, Rombo. Watoto wachanga 215 walifuatiliwa. Wale ambao uji wao wa mahindi uliwapa fumonisini kupita kiwango kinachokubalika, walipotimiza mwaka mmoja walikuwa wafupi kwa wastani wa sentimita 1.3 na wepesi kwa gramu 328 kuliko wenzao. Kisha Candida Shirima na wenzake wakapima damu ya watoto 166 wa Tabora, Iringa na Kilimanjaro, matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Alama ya aflatoksini ilikuwemo katika damu ya watoto 84 kati ya kila 100 tangu mwanzo, na ikapanda kadiri walivyokua na kula zaidi chakula cha familia. Wataalamu wanaendelea kubishana ni kwa kiasi gani sumu hizi zinadumaza watoto, na kwa kiasi gani ni njaa na maradhi ya kuhara. Ubishi huo ni halali. Lakini hakuna hata mmoja kati yao anayesema sumu katika damu ya mtoto wa miezi kumi ni jambo la kuachwa.

Kenya walikuwa wamekwisha kulipia kwa uhai. Mwaka 1981 watu 12 kati ya wagonjwa 20 walikufa katika eneo la Machakos kwa kula mahindi yenye aflatoksini. Mwaka 2004 balaa likarudi, moja ya makubwa kuliko yote yaliyowahi kuandikwa: wagonjwa 317, waliokufa 125, wengi wao Makueni na Kitui. Mahindi yalikuwa yamevunwa yakanyeshewa, kisha yakawekwa ndani ya nyumba yangali na unyevu. Baada ya hapo Mkenya Charity Mutegi alijitosa kutafuta chanzo na dawa, na mwaka 2013 akatunukiwa Tuzo ya Norman Borlaug kwa kazi hiyo. Claudia Probst na Peter Cotty wakagundua kwamba kuvu iliyotawala mahindi ya maeneo hayo ilikuwa ya aina ya pekee, inayotoa sumu nyingi kupita kawaida.

Tanzania zamu yake ilikuja mwaka 2016. Mwezi Juni taarifa zilifika Wizara ya Afya za ugonjwa usiojulikana katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Watu walikuwa na macho ya manjano, tumbo likiuma na kujaa maji, wakitapika na kuhara. Uchunguzi ulioandikwa na Analice Kamala na wenzake ulihesabu wagonjwa 68, na 20 kati yao walikufa. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa nchini ni mikrogramu 10 za aflatoksini katika kilo moja ya mahindi. Katika kaya zilizougua yalipatikana mahindi yenye zaidi ya 50,000. Ilikuwa miaka 55 baada ya zile karanga za Uganda.

Sasa nifike kwenye kazi ya wataalamu wa mimea, ambayo naiona kuwa sehemu yenye matumaini kuliko zote. Cotty, mtafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, alikuwa anashughulika na pamba huko Arizona alipogundua kwamba si kila Aspergillus flavus inatoa sumu. Nyingine zimepoteza uwezo huo kwa asili yake. Akajiuliza: je, ukizitangulia zile zenye sumu kwa kumwaga shambani hizi zisizo na sumu, ni nani atashika nafasi? Jibu likawa kwamba anayetangulia ndiye anayetawala. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo, IITA, ikaichukua njia hiyo ikaileta Afrika, ikaanzia Nigeria chini ya uongozi wa Ranajit Bandyopadhyay. Ilikubaliwa kwamba kuvu isiyo na sumu itakayotumika katika nchi ipatikane hukohuko, kwenye udongo na mazao yake, isiletwe ngeni. Kenya ilisajili bidhaa yake mwaka 2015. Tanzania, chini ya mtaalamu wa magonjwa ya mimea George Mahuku aliyekuwa na kituo Dar es Salaam, ilisajili mbili mwaka 2018, TZ01 na TZE01.

Bidhaa yenyewe ukiishika mkononi ni mtama tu. Punje zimechomwa ili zisiote, zimepakwa mbegu za kuvu na kutiwa rangi ya bluu ili mtu asizile. Kilo nne zinatosha ekari moja. Mkulima anatembea kwenye mistari akizirusha chini, wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kuchanua, udongo ukiwa na unyevu. Baada ya siku chache punje ya bluu inafunikwa na vumbi la kijani: kuvu isiyo na sumu imeamka na inasambaa. Majaribio katika nchi mbalimbali yameonyesha sumu ikipungua kwa asilimia 80 na zaidi. Njia hii haizuii kuvu nyingine kama Fusarium, wala haikaushi mahindi yaliyolowa. Lakini ni mara ya kwanza kwa mkulima wetu kupewa kitu cha kufanya shambani kabla sumu haijaingia.

Mwaka 2021 mwezi Machi Kenya ilizuia ghafla mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Malori yakasimama mpakani. Zuio liliondolewa baada ya siku chache, likaachwa sharti la vyeti vya usalama. Wengi walililaumu kuwa siasa ya biashara, na huenda siasa ilikuwepo. Lakini tatizo lilikuwa la kweli, na mfanyabiashara asiye na cheti hakuwa na la kujibu. Serikali ya Tanzania ilikwisha kuanzisha mradi wa TANIPAC, kwa fedha zilizopitia Benki ya Maendeleo ya Afrika, wa kudhibiti sumukuvu kwa maghala, maabara na mafunzo. Kimoja kati ya vituo vyake kiko Mtanana, wilaya ya Kongwa. Kongwa hiyohiyo ndiyo Waingereza waliyoing'oa miti mwaka 1947 kwa ajili ya mradi wa karanga uliokufa mwaka 1951 baada ya kumeza pauni milioni 36, bila mtu kujua wakati ule kwamba karanga zina sumu ya kuvu.

Katavi imekuwa mkoa wake wenyewe tangu mwaka 2012, na Katumba sasa iko katika Halmashauri ya Nsimbo. Mkoa unalisha wengine. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula una vihenge vya kisasa Mpanda, vilivyojengwa kwa mkopo kutoka Poland na kuzinduliwa mwaka 2024, na bandari ya Karema imejengwa ili mizigo ivuke Ziwa Tanganyika kwenda Kongo. Mahindi ya Katumba hayaliwi Katumba tu. Yanakwenda mbali, na hapo ndipo nguvu ya mkulima ilipo, kama atalipwa kwa ukavu na usafi wa mahindi yake.

Kwa sasa hali si hiyo katika masoko mengi ya vijijini. Mnunuzi wa kwanza anafika na fedha taslimu mahindi yakiwa bado na unyevu. Anapima kwa debe au anajaza lumbesa, na bei ya mahindi yaliyokauka na yasiyokauka ni ileile. Tena mahindi mabichi ni mazito, basi kwa mizani aliyekausha anapata hasara. Kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, lakini namba hiyo inatajwa kwenye lango la ghala kubwa mjini, mahali ambapo mkulima mwenye magunia matano hafiki.

Kuna vitu ambavyo kaya yoyote inaweza kufanya bila kusubiri mradi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, weka punje hadi theluthi, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana maji zaidi ya asilimia 15, yarudi kwenye turubai. Ikidondoka yote chini, yanaweza kuingia kwenye gunia, na bora zaidi kwenye mifuko isiyopitisha hewa inayouzwa kwa jina la kinga njaa. Anika juu ya turubai au kichanja, kamwe si juu ya udongo. Chambua kwa mkono, kwa sababu sumu nyingi huwa katika punje chache: zilizovunjika, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa. Usizitupie kuku wala usizipikie pombe. Uji wa lishe wenye karanga uchambuliwe mara mbili, mahindi peke yake na karanga peke yake. Kukoboa kunaondoa sehemu kubwa ya sumu, kwa hiyo anayependa dona, na mimi ni mmoja wao, awe mkali zaidi katika kuchambua.

Lakini chupa ya chumvi haiwezi kubeba mzigo wa taifa. Ombi langu ni kwa Halmashauri ya Nsimbo, kwa vyama vya msingi vya wakulima na kwa wanunuzi wote wanaoingia Katumba kila mwezi wa Juni: wekeni kipimo cha unyevu katika kila kituo cha kununulia mahindi, mkulima aione namba kwa macho yake kabla gunia halijapanda mizani, na aliyekausha alipwe zaidi ya asiyekausha, kuanzia msimu huu.